UCHAMBUZI: Sauti isiyo na sura, nani atarithi maikrofoni ya vipindi vya mashindano?

JULAI 2024, mtangazaji wa Marekani Johnny Gilbert alitimiza umri wa miaka 100. Miezi miwili baadaye, kipindi cha maswali cha Jeopardy! kilitimiza miaka 40 tangu kirejeshwe hewani Septemba 1984, na kwa miaka hiyo yote sauti iliyotambulika kuwa ya kipindi hicho ilikuwa yake. Waendeshaji walikuja wakaenda. Alex Trebek, aliyekiongoza tangu siku hiyo ya kurejea, alifariki Novemba 8, 2020. Watu kadhaa walijaribiwa mahali pake na mwishowe bingwa wa zamani wa kipindi hicho, Ken Jennings, akakabidhiwa usukani. Wakati wa misukosuko hiyo yote, sauti ya ufunguzi ilibaki ile ile.

Si jambo la kawaida kazi ya mtu asiyeonekana kudumu namna hiyo. Ndiyo maana umri wa Gilbert unazua maswali mawili yanayostahili kujadiliwa. La kwanza ni la zamani: ni kitu gani hasa kinachoifanya sauti ya mtangazaji ikifae kipindi chake? La pili limeletwa na teknolojia ya leo: je, atakayepokea maikrofoni kutoka kwa wazee hawa atakuwa binadamu, au programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa rekodi zao?

Maswali haya si ya Wamarekani peke yao. Kila anayepata riziki yake kwa sauti, awe msomaji wa matangazo ya biashara jijini Nairobi au mfawidhi wa harusi mjini Mombasa, ana haja ya kuyatafutia jibu.

Mtangazaji ni nani?

Kwanza tuwatenganishe watu wawili ambao aghalabu huchanganywa. Mwendeshaji ndiye anayesimama mbele ya kamera, akauliza maswali na kuzungumza na washindani. Mtangazaji ni yule ambaye kwa kawaida haonekani. Yeye hulitaja jina la kipindi, huwatambulisha washindani, hueleza zawadi zinazoshindaniwa na kuwataja wafadhili. Aidha, ana kazi nyingine ambayo mtazamaji wa nyumbani haioni kabisa. Katika vipindi vingi, kabla ya kamera kuwashwa, mtangazaji huzungumza na hadhira iliyoketi studioni, akaitania na kuichangamsha mpaka ikawa tayari kwa mchezo.

Watu wengi wakiulizwa ni sauti gani inayoifaa kazi hii, hujibu kwamba ni sauti nzito, tamu na iliyonyooka. Historia ya vipindi hivi haikubaliani nao. Sauti hukifaa kipindi pale inapobeba mzigo ambao kipindi hakina mwingine wa kuubeba. Mizigo hiyo hutofautiana, na ndiyo sababu namna ya kutangaza inayosifiwa katika kipindi kimoja huweza kuwa kichekesho katika kingine.

Mwito wa sokoni

Mfano wa kwanza ni The Price Is Right, mchezo wa kukisia bei za bidhaa ulioanza katika kituo cha NBC mwaka wa 1956. Toleo lake jipya lilizinduliwa na CBS Septemba 4, 1972, mwendeshaji akiwa Bob Barker na mtangazaji Johnny Olson. Washindani wa mchezo huu hawakai jukwaani wakisubiri. Wamo ndani ya hadhira, na hakuna anayejua kama ataitwa. Mtangazaji hutaja jina, kisha humtaka mwenye jina ateremke mbele. Mwito huo wa Olson, ambao kwa Kiswahili tungeusema "Haya, shuka uje!", ulivuma kuliko maneno mengine yote ya kipindi hicho.

Olson, mzaliwa wa jimbo la Minnesota mwaka wa 1910, alikulia kikazi katika redio. Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa changamfu, mithili ya jirani anayepita mlango kwa mlango kuwaambia watu kwamba mnada umeanza. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa. Mtu wa kawaida, asiyezoea kamera, alitakiwa aruke kutoka kitini na kukimbia akishangilia mbele ya taifa zima, yote hayo kwa sekunde chache. Sauti ya kibaridi ingemfanya asite. Sauti ya Olson ilimpa ruhusa ya kujisahau.

Mzigo wake wa pili ulikuwa kueleza bidhaa: jokofu, seti ya viti, gari. Maelezo hayo, kwa hakika, ni tangazo la biashara lililotiwa ndani ya mchezo. Shauku ikipungua, mwenye bidhaa hulalamika. Ikizidi, mtazamaji huhisi analaghaiwa. Olson aliweza kulisifu jokofu kwa furaha ya mtu ambaye yeye mwenyewe angelipenda, na papo hapo akanyamaza ili hesabu ya bei ianze.

Tusisahau vilevile kwamba sauti ya mtangazaji haisikiki peke yake. Barker alikuwa mtulivu, mwenye dhihaka ya chini kwa chini. Olson alikuwa moto. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na watayarishaji wa vipindi hivi waliuelewa usemi huo mapema: mwendeshaji akiwa mpole, mtangazaji huchangamka, mwendeshaji akiwa mcheshi, mtangazaji humwachia nafasi.

Olson alifariki Oktoba 12, 1985. Watangazaji kadhaa walijaribiwa hewani kabla ya Rod Roddy kuchaguliwa mwaka uliofuata. Roddy hakumwiga mtangulizi wake. Sauti yake ilikuwa kali zaidi, yenye kuvuta maneno, na makoti yake yaliyometameta yalimfanya awe sehemu ya maonyesho. Alidumu katika kazi hiyo hadi mwaka aliofariki, 2003. Sauti hizo mbili hazikufanana, lakini kila moja ilikuwa na uwezo wa kumwinua mtu kitini.

Mbiu ya barazani

Tugeukie sasa Jeopardy!. Hapa hakuna anayeitwa kutoka umatini. Washindani watatu waliofaulu mtihani wa kuingia husimama kila mmoja kwenye meza yake. Mchezo ni wa maarifa, nao huchezwa kinyume: kidokezo hutolewa, mshindani akajibu kwa kuunda swali. Sauti ya sokoni ingeuvuruga mchezo wa namna hii.

Gilbert, ambaye alianza maisha ya sanaa akiwa mwimbaji, alilitaja jina la kipindi kwa kulitenga neno na neno, "Hii... ndiyo... Jeopardy!", akiacha kimya katikati. La mgambo likilia kuna jambo, na kimya hicho ndicho kilichomwambia mtazamaji aweke kando alichokishika. Baada ya hapo aliwataja washindani mmoja mmoja kwa kazi zao na miji yao. Mwalimu, wakili na mwanafunzi walitajwa kwa uzito ule ule. Bingwa mtetezi alitajwa na fedha alizokwisha kushinda, jambo lililompa mtazamaji sababu ya kumshangilia au kumwombea aanguke.

Lipo jambo dogo linaloeleza tabia ya kipindi hicho. Trebek aliomba atambulishwe kama mwendeshaji tu, wala si kama nyota wa kipindi. Kwake, nyota walikuwa washindani na mchezo wenyewe. Ombi hilo lilimfaa mtangazaji pia. Gilbert alifanana na karani wa baraza anayewataarifu watu kwamba kikao kimeanza, kisha akarudi nyuma.

Msomaji anaweza kudhani kwamba Olson alizaliwa na koo la sokoni na Gilbert akazaliwa na koo la barazani. La hasha. Gilbert huyo huyo aliwahi kuwa mtangazaji wa The Price Is Right katika kituo cha ABC kati ya 1963 na 1965. Kabla yake, toleo la NBC lilitangazwa na Don Pardo, ambaye baadaye alikitangaza Jeopardy! cha kwanza kutoka 1964 hadi 1975. Watu wawili, vipindi viwili, na kila mmoja alivitumikia vyote.

Pardo alikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka wa 1975 alikuwa mtangazaji wa kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, na isipokuwa msimu mmoja alikaa huko hadi alipofariki Agosti 2014 akiwa na umri wa miaka 96. Sauti yake ya heshima, ambayo zamani iliwaarifu watu bei ya majokofu, iliyataja majina ya wachekeshaji kana kwamba ni mawaziri wanaoapishwa, na hapo hapo mzaha ukaanza. Olson naye alikitumikia kipindi cha utulivu cha What's My Line? na kile cha utani cha Match Game. Koo halikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi lilivyotumiwa.

Kazi inapobadilika

Ikiwa kufaa kwa sauti hutokana na kazi, basi kazi ikibadilika sauti iliyofaa jana huweza kupoteza nafasi yake leo bila ya kosa lolote. Hayo yalionekana katika The Price Is Right yenyewe. Rich Fields, aliyewahi kuwa mtangazaji wa utabiri wa hali ya hewa, alichukua kazi mwaka wa 2004. Barker alistaafu mwaka wa 2007 na mchekeshaji Drew Carey akaingia. Carey hakuhitaji tu mtu wa kusifia bidhaa. Alihitaji mwenzake wa kutupiana maneno. Fields aliondoka mwaka wa 2010. Waliojaribiwa kumrithi wakawa wengi wao watu wa vichekesho vya papo kwa papo, na mwaka wa 2011 kazi ikaenda kwa George Gray, ambaye mara kwa mara huonekana na kushiriki katika mizaha. Mtangazaji alikuwa ametoka nyuma ya pazia.

Katika Wheel of Fortune, mchezo wa kubahatisha herufi ulioanza Januari 1975, mambo yalikwenda kinyume. Zamani mshindi alitumia fedha alizoshinda kununua zawadi zilizopangwa studioni, na mtangazaji Charlie O'Donnell, na baada yake Jack Clark, walikuwa na kazi kubwa ya kuzieleza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utaratibu huo ulifutwa na washindi wakawa wakipewa fedha. Mchezo ukaenda kasi zaidi, lakini mtangazaji akabakiwa na maneno machache. O'Donnell, aliyerejea mwaka wa 1989, aliifanya kazi hiyo iliyopungua hadi kifo chake Novemba 2010.

Sauti inayosikia

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, hautoki Marekani bali Uingereza. Katika University Challenge, mashindano ya vyuo vikuu yaliyoanza mwaka wa 1962, mshindani akibonyeza kitufe sauti hutaja mara moja chuo chake na jina lake la ukoo. Katika kipindi hicho kilichorejeshwa mwaka wa 1994, sauti hiyo ni ya Roger Tilling.

Maneno yake ni mawili au matatu tu kila mara. Mwanzoni mwa mchezo huyatamka kwa utulivu. Dakika zinapoyoyoma na tofauti ya alama inapopungua, sauti hupanda, maneno hukazwa, na mwishoni jina la mwanafunzi hutoka kama ukelele wa mtu anayeona nyumba ikishika moto. Mtazamaji aliyekuwa jikoni, bila kuiona runinga, hujua kwamba mchezo unakaribia kwisha na kwamba timu zinakabana koo.

Taa iliyo mbele ya mshindani ingetosha kutufahamisha nani amebonyeza. Jina lililoandikwa chini ya skrini lingetosha pia. Kile ambacho taa haiwezi kutuambia ni hali ya chumba. Tilling hutuambia kwa sababu yumo mchezoni. Husikia kinachotendeka, na kile anachokisikia huingia katika sauti yake. Olson naye alifanya hivyo alipoichangamsha hadhira kabla ya kuita jina la kwanza. Mtangazaji anayefaa kwanza ni msikilizaji.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba haya yametiwa chumvi. Watatoa mfano wa Who Wants to Be a Millionaire?, kilichozinduliwa Uingereza Septemba 1998 na kuenea katika mataifa mengi duniani. Mvuto wake haukutegemea mtangazaji wa aina ya Olson. Hofu ililetwa na taa zinazoshuka na muziki uliotungwa na Keith Strachan na mwanawe Matthew. Nchini India, toleo lake lililoanza mwaka wa 2000 lilibebwa na sauti ya mwendeshaji, mwigizaji Amitabh Bachchan, ambaye katika ujana wake aliwahi kukataliwa kazi ya utangazaji na redio ya taifa ya India.

Hoja hiyo ina uzito. Inathibitisha kwamba mtangazaji si lazima pale mzigo wake unapobebwa na kitu kingine. Hata hivyo, haithibitishi kwamba mzigo haupo. Waliomwondoa mtangazaji walilazimika kumtafuta mtunzi wa muziki, na aliyekataliwa redioni kwa sababu ya sauti aligeuka kuwa ndiye aliyefaa hasa palipokuwa na kazi iliyohitaji uzito wake.

Hoja ya pili ni kali zaidi: kwamba tunachokiita kufaa ni mazoea tu. Mtazamaji aliyemsikia O'Donnell kwa miaka 20 ataona kila sauti mpya ina kasoro. Ukweli wa hoja hii unaonekana katika orodha ya majina yaliyotajwa katika makala haya. Watangazaji wote ni wanaume. Baada ya kifo cha O'Donnell, miongoni mwa waliojaribiwa katika Wheel of Fortune alikuwamo mwanamke, Lora Cain, lakini kazi ilikwenda kwa Jim Thornton, aliyekuwa akitangaza hali ya msongamano wa magari katika redio ya Los Angeles. Thornton ni hodari na hatudai kwamba alipendelewa. Tunachosema ni kwamba hakuna chochote katika kazi tulizozieleza, kuita, kutambulisha, kuchangamsha na kusikiliza, kinachohitaji koo la mwanamume. Masikio ya watazamaji yalifundishwa, na yanaweza kufundishwa upya.

Mashine inapobisha hodi

Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la leo. Mnamo Agosti 2000, BBC ilizindua The Weakest Link, kipindi ambamo washindani humpigia kura mwenzao wa kuondolewa. Mwendeshaji Anne Robinson alikuwa na ulimi mkali. Washindani wakipiga kura, sauti ya mwanamume isiyo na hisia iliwaambia watazamaji nani, kwa mujibu wa takwimu, alikuwa imara zaidi na nani dhaifu. Washindani wenyewe hawakuisikia. Kwa hiyo mtazamaji aliujua ukweli huku akiwatazama watu wakidhulumiana, na ubaridi wa sauti hiyo ndio uliompa imani kwamba huo ulikuwa ukweli kweli.

Mwenye sauti hiyo alikuwa Jon Briggs. Miaka kadhaa kabla ya 2011 alirekodi takriban sentensi 5,000 kwa muda wa wiki tatu kwa ajili ya kampuni ya teknolojia ya usemi. Oktoba 2011, simu ya iPhone 4S ilipotoka, wateja wa Uingereza waliouliza jambo walijibiwa kwa sauti yake kupitia huduma ya Siri. Briggs mwenyewe aligundua hayo alipoona simu hiyo ikionyeshwa katika televisheni.

Haikuwa ajabu kwamba sauti iliyofaa kusoma takwimu ilifaa pia kuwa ya mashine, kwa kuwa kazi zote mbili zilitaka usawa usioyumba. Lakini tangu wakati huo mashine imejifunza zaidi ya usawa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, NBC iliwapa wateja wake wa mtandaoni muhtasari wa kila siku uliosomwa na nakala ya akili unde ya sauti ya Al Michaels, mtangazaji mkongwe wa michezo. Nakala hiyo ilifunzwa kwa rekodi zake za awali, naye alikuwa ameridhia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA, ambacho pia huwakusanya watangazaji, walikuwa wamegoma kwa siku 118, akili unde ikiwa mojawapo ya sababu.

Je, mashine itawaondoa watangazaji wa vipindi vya mashindano? Tukifuata kipimo tulichokitumia, jibu hutofautiana kipindi hadi kipindi. Kazi ya Briggs, ya kusoma jina na takwimu bila hisia, mashine inaiweza tayari. Ufunguzi wa Jeopardy! ni maneno yale yale kila jioni, na wakati wa janga la korona kipindi hicho kilirekodiwa bila hadhira. Ni rahisi kuunda nakala ya Gilbert ikaendelea kutangaza miaka 50 ijayo. Kwa upande mwingine, mashine ya kuingia katika ukumbi wa The Price Is Right, ikamtambua mama mwenye haya katika safu ya nyuma na kumtania mpaka akacheka, bado hatujaiona. Wala hatujaisikia ile itakayopandisha sauti yake kama Tilling kwa sababu nayo imeshikwa na wasiwasi.

Amana ya sauti

Hata pale mashine inapoweza, swali la haki linabaki. Don Pardo tuliyemtaja, mtangazaji wa bei za majokofu, ndiye aliyekatiza matangazo ya kituo cha NBC jijini New York Novemba 22, 1963 kuwaarifu watazamaji kwamba Rais John F. Kennedy amepigwa risasi. Hakuhitaji sauti nyingine. Imani aliyoijenga katika michezo ilitosha kubeba msiba.

Wakenya wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walimtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha kutangaza katika Sauti ya Kenya kwamba serikali imepinduliwa. Walikuwa na bunduki na walikuwa na kituo cha redio. Bado waliona hawana kitu bila sauti ambayo wananchi waliizoea katika Je, Huu ni Ungwana?. Mbotela alifariki Februari 2025. Wakati ule ilibidi mtu mwenyewe atafutwe na kufikishwa studioni. Leo mwenye nia kama ile angehitaji rekodi zake tu.

Sheria zimeanza kuamka, ijapokuwa polepole. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipitisha mwaka wa 2024 sheria inayolinda sauti ya mtu dhidi ya kuigwa na akili unde bila idhini yake. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, kumaanisha kwamba sauti inahesabiwa pamoja na alama za vidole. Hata hivyo, kumlinda mtu asitambuliwe kwa hila ni jambo moja. Kuhakikisha analipwa pale nakala ya sauti yake inapofanya kazi badala yake ni jambo lingine.

Ni muhimu basi kwa watangazaji wetu, hasa wale wasio na ajira ya kudumu, kusoma mikataba yao kabla ya kuingia studioni. Mkataba unapaswa kusema rekodi itatumiwa wapi, kwa muda gani, na kama inaweza kufunza mashine. Briggs alifanya kazi halali akalipwa, lakini hakujua sauti yake ingeishia mifukoni mwa umma.

Watayarishaji nao wana la kujiuliza kabla ya kuokoa gharama ya mshahara mmoja. Wasiulize kama mashine inasikika kama mtu. Waulize mtangazaji wao alikuwa akifanya nini pale studioni. Wakikuta kwamba alikuwa akisoma tu, huenda hawatapoteza mengi. Wakikuta kwamba alikuwa akiwasikiliza watu na kuwajibu, wajue kwamba nakala watakayoinunua haitawaletea sehemu hiyo ya kazi, na watazamaji watakuwa wa kwanza kugundua pengo hilo, hata kama hawatajua kulieleza.